Umkulthum, fundi wa maiki aliyemzima mgombea ili ndoa isikike

Saa tatu na dakika ishirini asubuhi. Katika chumba cha nyuma cha madrasa moja ya wanawake huko Wesha, Umkulthum Nassor amepiga magoti nyuma ya Bi Ustadhi, pini mbili kazishika kwa meno, na mikono yake imepotea ndani ya buibui la mwenzake.

"Toa pumzi, Bi," anasema bila kufungua meno.

"Nishatoa."

"Hujatoa. Nikikaza mkanda umejaza kifua hivyo, ukianza kusoma utakudondoka miguuni."

Bi Ustadhi anatoa pumzi. Mkanda unakaa. Ni mkanda wa kitambaa cheusi wenye mfuko mdogo mgongoni, na ndani ya mfuko huo Umkulthum anatumbukiza kisanduku kisichozidi pakiti ya majani ya chai. Waya mwembamba unapanda kwa ndani hadi shingoni, unatokea chini ya mtandio, na mwisho wake kuna maiki ndogo kama punje ya hindi. Anaibana upana wa kiganja kimoja chini ya kidevu.

"Bangili hizo mbili vua," anaongeza.

"Za dhahabu hizi, mwanangu!"

"Maiki haijui dhahabu. Itazisikia kama vijiko vinaoshwa."

Nje, wazazi mia mbili wamekaa kwenye mikeka wakisubiri mahafali yaanze. Umkulthum anabonyeza kitufe, anatoka mbio hadi kwenye meza yake uani, anatazama taa ya kijani kwenye kipokezi, kisha anavaa visikilizio masikioni. Anatabasamu. Bi Ustadhi, aliyeambiwa zaidi ya mara tatu kwamba kisanduku kikishawaka hakina siri, ananong'ona kwa mtu kuwa viatu vipya vinamuumiza na anajuta kuvinunua.

Spika bado hazijafunguliwa. Umkulthum huziacha zimefungwa kwa dakika tano za mwanzo kila mara, kwa sababu kama hizo. "Katika dakika tano hizo mie nishasikia mambo ya kuvunja mitaa miwili," anasema. "Yote nimeyameza."

Ana umri wa miaka arobaini na sita, ni mama wa watoto wanne, na kuanzia Chake Chake hadi Gando watu humwita Bi Maiki. Katika kisiwa cha Pemba kuna mafundi wengi wa vipaza sauti. Wa kike, kwa kadiri anavyojua mwenyewe, ni yeye tu.

Kazi hii hakuitafuta. Mwenye spika alikuwa mumewe, Suhaib, ambaye alikuwa akizikodisha kwenye maulidi, misiba na mikutano tangu enzi za maiki za waya. Mwaka 2003 Suhaib alirudi kutoka Dar es Salaam na kirusha sauti cha kuvaa kiunoni, akakitembeza mji mzima kama mtu aliyepata mtoto wa kiume baada ya mabinti saba.

Shughuli yake ya kwanza ilikuwa maulidi ya wanawake huko Wete. Suhaib alifika na kisanduku chake, akatazama kule kwenye pazia, na hapo ndipo fahamu zikamjia: maiki ile hubandikwa kifuani, na kifua chenyewe ni cha mke wa mtu.

"Alisimama pale kajikunja kama aliyemeza ndoana," Umkulthum anakumbuka. "Nami nlikuwepo kama mgeni tu, nakula zangu. Akaniita."

Suhaib alibaki upande wake wa pazia, akawa anapaza sauti. Chomeka waya. Ubane. Sasa bandika kifuani. Umkulthum akauliza, kifua cha nani? Suhaib akajibu, cha yule anayesoma. Yule anayesoma akauliza kwa ukali, huyo mwanamume huko nje anajadili kifua changu na nani? Na maneno hayo yote, kwa kuwa kisanduku kilikuwa kishawaka, yakasikika hadi barabarani.

"Mie nimesomeshwa kazi kupitia pazia," anasema Umkulthum. "Mwalimu simuoni, naye hanioni. Kila nlipokosea, Wete nzima ilijua."

Lakini sauti ilitoka nzuri. Msomaji alisimama, akatembea, akanyanyua mikono, na hakukuwa na waya wa kumkwaza. Kabla ya pilau kuliwa, akina mama watatu walikuwa wameshamuuliza Umkulthum kama Ijumaa ijayo ana nafasi.

Tatizo lililobaki lilikuwa kiuno. Kisanduku kile kimetengenezwa kwa mtu mwenye mkanda wa suruali. Umkulthum alijaribu kukichomeka kwenye kanga. Kikashuka hadi gotini. Alijaribu kukifunga kwa kamba ya katani; bibi mmoja akawashwa hadi akasahau qasida. Ndipo akapata wazo la mkanda wa kitambaa wenye mfuko, uliokatwa kwa vipimo vitatu. Leo anayo mikanda kumi na nne. Hata mashehe huiazima, maana kanzu nayo haina pa kuning'iniza kitu.

Kwa shughuli moja hulipwa shilingi elfu themanini. Betri mpya mbili hutumika kila shughuli, hata kama za zamani zingali na nguvu, na hapo habishaniki. "Betri haifi wakati wa salamu," anasema. "Husubiri dua."

Ukimuuliza juu ya siku iliyomfanya ajulikane, hucheka kwanza, kisha hufunika uso kwa ncha ya mtandio. Ilikuwa alasiri moja ya Oktoba 2010, katika joto la kampeni, kwenye kijiji cha Pujini.

Nihal binti Maher alikuwa akiolewa na Fahd, karani mpole ambaye hata akiomba maji ya kunywa lazima umuulize mara ya pili amesemaje. Ndoa hiyo ilikuwa imesumbua watu mwaka mzima. Baba wa bwana harusi na baba wa bibi harusi walikuwa wa vyama tofauti, na tangu uchaguzi uliopita walikuwa hawapeani mkono hata msibani. Wazee waliwabembeleza, wakabembelezeka, siku ikapangwa.

Msikiti ulikuwa upande mmoja wa uwanja wa mpira. Nyumba ya bibi harusi ilikuwa upande wa pili. Ndoa ingefungwa msikitini baada ya sala ya alasiri, na wanawake walitaka waisikie wakiwa ndani. Umkulthum alikuwa amepanga kuvuta waya kupita uwanjani.

Asubuhi akakuta jukwaa limesimamishwa katikati ya uwanja, spika zake kubwa nne zimeipa mgongo nyumba ya harusi. Mgombea mmoja alikuwa na mkutano alasiri ile ile. Vijana wa ulinzi walimwambia wazi kwamba waya wake hautapita pale, usije ukamwangusha mheshimiwa mbele ya wapigakura wake.

"Nikasema haidhuru, ninacho cha bila waya." Suhaib angemfunga kisanduku Shehe Mbarouk, mfungisha ndoa, kule msikitini, yeye angekaa na kipokezi na spika kwa akina mama. Saa nne asubuhi walijaribu. Suhaib alihesabu moja hadi kumi akiwa mihrabuni, na kila namba ilifika safi.

"Hapo ndipo kosa langu," anasema, na hapa hacheki. "Nlijaribu uwanja ukiwa mtupu."

Asichokijua ni kwamba mgombea naye, Mheshimiwa Abrahman, alikuwa amefungwa kisanduku cha aina ile ile. Siku hizo ndiyo kwanza wagombea walianza kupenda kutembea jukwaani mikono mitupu. Visanduku vya bei ile vilikuwa na wimbi moja tu, lililowekwa huko huko kiwandani, halibadilishiki. Kipokezi kikisikia wawili, hufuata aliye karibu. Na mheshimiwa alikuwa karibu kuliko shehe.

Saa kumi na nusu, nyumba ilikuwa imejaa. Nihal alikaa kitandani kafunikwa, hina imemkolea hadi viwikoni. Shangazi yake, Bi Moza, mwanamke mwenye sauti isiyohitaji spika, aliamuru watu wanyamaze. Sauti ya Shehe Mbarouk ikatoka, nzito na tulivu.

"Ewe Fahd. Nimekuoza mchumba wako, Nihal binti Maher, kwa mahari mliyokubaliana."

Wakati huo huo kisanduku cha mheshimiwa kikawashwa jukwaani. Kisha mkwaruzo. Kisha sauti nyingine, kavu, ya mtu aliyeanza kukasirika tangu asubuhi.

"Sikubali!"

Wanawake wakatazamana.

"Narudia tena, sikubali! Miaka mitano tumevumilia, tumepata nini?"

"Miaka mitano?" akauliza mmoja wa makungwi. "Kwani hawa wanajuana tangu lini?"

"Wamempaka rangi kwa nje ili tumwone mpya," iliendelea sauti, "lakini mimi nimechungulia ndani, na ndani ni yale yale!"

Nihal akatoa kilio kimoja kirefu na kulala chali. Mtu akamwagia marashi, mwingine akampepea kwa sinia. Mama mmoja alisema kwa woga kwamba ile haikuwa sauti ya Fahd.

"Ntu akiwa na hasira sauti hubadilika!" Bi Moza alimkata. "Nlijua mie! Nlijua watu hawa wametuwekea siasa! Funikeni masufuria! Halua irudi kabatini! Asile ntu!"

Umkulthum alikuwa akitazama kipokezi. Taa zote za nguvu ya mawimbi zilikuwa zimewaka, ilhali msikiti ulikuwa mbali. Kwa umbali ule zilipaswa kuwaka mbili. Akaelewa. Akazima spika.

Ikawa mbaya zaidi. "Kanizimia!" alipiga kelele Bi Moza. "Anaficha! Huyu naye ni wao!"

"Bi, si bwana harusi huyo, ni mgombea!"

"Mgombea kaingiaje kwenye ndoa?"

Swali lilikuwa zuri, na hapakuwa na muda wa kulijibu kwa masomo ya mawimbi. Umkulthum alimpigia simu Suhaib. Suhaib akamwambia kwa furaha kwamba huku mambo yamekwisha, Fahd kakubali bila kigugumizi, watu wanakula tende. Umkulthum akamwambia huku Fahd amekataa, tena kwa matusi, bibi harusi kazimia, na Bi Moza kafunika masufuria. Asimwache shehe avue kisanduku wala asizime kitu. Kisha akajifunga buibui vizuri, akatoka kuelekea uwanjani.

Fundi wa mkutano aliitwa Msellem. Alimkuta chini ya turubai kavaa miwani ya jua.

"Kaka, mzime mtu wako dakika tano. Sauti yake inatokea harusini."

"Dada, mheshimiwa hazimwi. Nikimzima nitaulizwa nimelipwa na nani."

"Anavunja ndoa!"

"Mie nimekodiwa kupaza sauti," alisema Msellem. "Ndoa muulize kadhi."

Vijana wawili wa ulinzi walianza kusogea. Umkulthum aliona wazee wakipeleka vikaratasi vya maswali jukwaani. Akaomba kalamu kwa jirani, akararua kipande cha boksi la betri, akaandika, akampa mzee aliyekuwa mbele yake. Kipande kikapita mkono kwa mkono hadi kwa Mheshimiwa Abrahman.

Mheshimiwa alikipokea kwa tabasamu. Alidhani ni swali la mwananchi. Akakisoma kwa sauti yake yote.

"Mheshimiwa, maneno yako yanatokea kwenye spika za harusi ng'ambo ya uwanja. Watu wanadhani wewe ndiye bwana harusi na umemkataa mwari. Tafadhali zima kisanduku dakika tano. Fundi."

Kule nyumbani, Bi Moza alikuwa ameshaamuru spika zifunguliwe tena, apate ushahidi kamili wa matusi. Kwa hiyo maneno hayo yaliwafikia wanawake wote kama yalivyo, neno kwa neno. Bi Moza alifunua sufuria moja, akachungulia, akalifunika tena. Nihal alikaa kitako, marashi yakimchuruzika usoni, akauliza, "Sasa Fahd kasemaje?"

Uwanja mzima ulikuwa unacheka. Mheshimiwa Abrahman alijipapasa mgongoni chini ya koti akitafuta kitufe. Hakukipata. Akazunguka kulia, akazunguka kushoto, na waya ukamzunguka naye. Msellem hakusogea, alikuwa ameinamisha kichwa kama hayupo. Umkulthum alipanda ngazi mbili za jukwaa, akasimama hatua tatu kutoka kwake, maana mume wa watu hawezi kumshika.

"Chini kidogo, Mheshimiwa. Hiyo simu. Teremka. Hapo hapo. Usivute, bonyeza."

Mheshimiwa akabonyeza. Taa ya kisanduku ikazimika.

Kisha spika kubwa nne za mkutano, ambazo kipokezi chake sasa kilikuwa kimebaki bila mtu wa karibu, zikakohoa. Ilitoka sauti nzito na tulivu ya Shehe Mbarouk, akizungumza na Suhaib bila kujua anasikika na watu mia nane.

"Ndoa imeshafungwa, yakhe, imekwisha. Mie si kanda ya kurejeshwa nyuma."

"Shehe wangu, wanawake hawakusikia," ilijibu sauti ya Suhaib. "Na Bi Moza kafunika masufuria."

Shehe akauliza, "Pilau pia?"

"Pilau kwanza."

"Basi kukubali mara ya pili hakudhuru kitu. Fahd, njoo hapa. Na leo sema kama mwanamume, si kama unaomba ruhusa."

Uwanja wote ulitega sikio. Kina baba waliokuja kusikiliza habari za barabara na maji walishusha mikono. Shehe alirudia maneno yake. Na Fahd, ambaye watu waliokua naye hawajawahi kumsikia akipaza sauti, alijaza kifua.

"NIMEKUBALI!"

Vigelegele vilianzia nyumbani, vikavuka uwanja, na wanawake waliokuwa mkutanoni wakavipokea. Mzee mmoja mwenye bendera alisema hiyo ndiyo sera ya kwanza aliyoielewa tangu kampeni zianze. Umkulthum alishuka ngazi.

Mheshimiwa Abrahman alisubiri kelele zitulie. Akakiwasha kisanduku mwenyewe, safari hii kwa mara moja.

"Ndugu zangu," alisema, "huyo amekubali. Nyinyi je?"

Uchaguzi alishindwa, na kwa tofauti kubwa. Lakini mpaka leo, anasema Umkulthum, hakuna harusi ya Pujini isiyompelekea mwaliko.

Jioni ile watu wa mkutano walifuata harufu ya pilau, wa bendera hii na wa bendera ile, na pilau halikutosha. Baba wa bwana harusi na baba wa bibi harusi walikula sinia moja kwa kukosa ya pili. Bi Moza alimletea Umkulthum sahani yake mwenyewe, akaiweka juu ya spika. Hakuomba radhi. Alisema tu, "Kula, fundi," na hilo neno fundi Umkulthum alikuwa hajawahi kuitwa na mtu mzima mwenzake. Hadi hapo alikuwa mke wa fundi.

Hata hivyo, kwa miezi miwili simu haikulia. Watu waliogopa kuozwa na chama. Umkulthum alikaa nyumbani akishona mikanda na kujilaumu. Suhaib alimwambia makosa yalikuwa ya kiwanda. Yeye alikataa. Kiwanda, alisema, hakikujua Pujini kuna uwanja, yeye alijua.

Siku simu ilipolia, alikuwa mama wa bwana harusi kutoka Gando. Alitaka fundi yule yule aliyemzima mgombea. Baada yake wakaja wengine, na wote walitaka kusimuliwa kwanza.

Siku hizi Umkulthum ana seti mbili zinazobadilishwa mawimbi. Kabla ya shughuli yoyote huwasha kipokezi peke yake, kisanduku kikiwa kimezimwa, akasikiliza kwa robo saa kama kuna mtu mwingine hewani. Kisha hutoka kutembea nyumba kwa nyumba akiuliza nani leo ana maiki. Wengine humwona mbea. "Nawaambia mie si mbea," anasema. "Mbea husikiliza bila vifaa."

Sasa ana jambo jingine kichwani. Binti yake wa kwanza, Widad, anayefundisha skuli ya msingi, ataolewa baada ya Idi. Kila mtu anadhani mama ndiye atakayeshika mitambo. Mama hataki.

Kwa hiyo kila Jumatano Samiha, fundi cherehani wa Gando ambaye ndiye aliyemshonea mikanda yake ya mwanzo, hushuka Chake Chake, nyumbani kwa Umkulthum, kujifunza. Ana mikono mizuri na masikio mazuri. Tatizo lake ni moja: akiambiwa ajaribu maiki, hunong'ona. Jumatano iliyopita ilimchukua saa nzima kuhesabu kwa sauti hadi "tatu".

"Atafika kumi," anasema Umkulthum. "Bado wiki saba."

Huko Wesha mahafali yamekwisha, na Bi Ustadhi ameshavua viatu. Umkulthum anakunja waya, duara juu ya duara, na kueleza anavyoitaka siku ile. Avae nguo mpya. Akae mkekani kama mama mwingine yeyote, mikono imetulia, mwanawe akiozwa alie.

"Nimewasikilizisha watu ndoa zaidi ya mia mbili na sijalia hata moja," anasema. "Fundi akilia, nani atatazama taa?"

Suhaib, aliyekuwa akipakia spika kwenye gari, anageuka. "Nampa robo saa pale mkekani. Ikikwaruza mara moja tu, ataruka vichwa vya watu."

Umkulthum anazungusha duara la mwisho la waya.

"Ikikwaruza," anasema, "nitamtazama Samiha. Kumtazama tu."